Edna Chepkirui, Aliyekataa Kukishusha Kisanduku

Ijumaa tarehe 29 Mei, Bi. Edna Chepkirui atavua kofia yake ngumu na kuikabidhi stoo, baada ya miaka ishirini na minne ya kutundika, kukaza na kutengeneza nyaya za intaneti na televisheni kuanzia Woodbridge hadi Sterling, hapa Virginia.

Jarida la kampuni yetu ya kebo liliniomba nimwandikie wasifu "mfupi na wenye furaha." Niliandika. Uliporudishwa kwangu, nusu yake ilikuwa imekatwa, na nusu iliyobaki ilisema kwamba Bi. Edna "alipenda kutabasamu." Niliuchukua wasifu wangu nikaondoka nao. Ndiyo sababu mnausoma hapa, katika kijitabu cha sherehe tuliyoiandaa wenyewe, ndani ya ukumbi wa kanisa, huku pilau na mbuzi wa kuchoma vikitusubiri. Furaha ipo, tutaifikia. Lakini nimekasirika, na sioni kwa nini nimuage mtu kama huyu kwa kujifanya sijakasirika.

Kwa wasionijua, mimi ni Phineas Kimani. Kazi yangu ni kuwapangia mafundi safari zao na kuzungumza nao kwa redio wakiwa barabarani. Sauti ya Edna imekaa sikioni mwangu kuliko sauti ya mtu mwingine yeyote isipokuwa mke wangu, na mke wangu amekubali niandike hivyo.

Edna ni Mkipsigis wa Bomet, Kenya, binti wa wachuma chai. Alipofika Virginia alipata kazi ambayo wengi wetu tulianza nayo: kutunza wazee, katika nyumba moja kule Sterling. Aliifanya kwa moyo, lakini anasema kuta zilikuwa zinamkaba. Siku moja akaja fundi wa kebo kutengeneza televisheni ya sebuleni. Edna akamfuata hadi nje, akamtazama akipanda nguzo, na aliposhuka akamuuliza mtu huipataje kazi hiyo. Fundi akacheka. Edna hakucheka. Wiki hiyo hiyo alipeleka maombi.

Kwenye usaili waliuliza, kwa adabu nyingi, kama mwanamke ataweza kubeba ngazi. Edna aliinuka, akatoka hadi uwanjani, akaishusha ngazi kutoka kwenye gari lao, akaizungusha uwanja mzima begani na kuirudisha mahali pake. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Wakampa kazi, na wakamnunulia buti.

Hadithi zake ni nyingi na mtazisikia leo kutoka kwa wengine, kila mmoja na chumvi yake. Mimi nitasimulia mbili tu. Kuna bwana mmoja aliyemwambia kupitia mlango uliofungwa kwamba anamngoja fundi mwenyewe. Edna akamjibu, "Fundi mwenyewe ameshaondoka. Atarudi wiki ijayo," akaingia garini akaenda zake. Bwana yule hakutazama mpira Jumapili hiyo. Na kuna kindi aliyezalia ndani ya sanduku la nyaya. Edna alikataa kuwatoa watoto wake hadi wakue. Alipoulizwa, alisema mtaa unaweza kuvumilia picha zinazochezacheza, lakini yeye hawezi kuvumilia dhambi ile.

Miaka ya karibuni alikuwa akizunguka na Hodari, kijana wetu Mmarekani Mweusi kutoka Maryland, aliyejifunza Kiswahili madarasani na anayekiongea kwa ufasaha unaotuaibisha sisi tuliozaliwa nacho. Kila asubuhi Hodari alikuwa akimwamkia, "Shikamoo, Mama." Edna alichukua muda kuzoea. "Huko kwetu tunasalimiana kwa mkono tu," alikuwa akilalamika. Baadaye ikawa Hodari asipomwamkia hivyo, Edna anamuuliza kama ameugua.

Sasa nifike kwenye kile kipande ambacho jarida la kampuni lilikikata.

Kampuni za kebo katika eneo hili zimegawana watu kama watoto wanavyogawana chapati. Kaunti hii yangu, ile yako, na mto Potomac, unaotenganisha Virginia na Maryland, katikati. Lakini wakati fulani zilipatana jambo la maana: vile visanduku vya WiFi vinavyoning'inia nje, kwenye nyaya za barabarani, vimtumikie mteja wa kampuni yoyote kati yao. Unalipia intaneti nyumbani kwako Maryland, ukija Virginia unaingia kwenye WiFi yetu kwa jina na nywila yako ileile. Edna ndiye aliyeongoza kikosi kilichovitundika visanduku hivyo upande wetu.

Ramani aliyopewa ilikuwa na migahawa, maduka makubwa, migahawa tena. Edna akaenda kwa wakubwa akawaambia, "Aliyeketi kwenye mgahawa ana intaneti ya mgahawa. Mwenye shida ni yule anayesimama." Akaomba kisanduku kimoja kiwekwe kwenye kituo cha basi nje kidogo ya Woodbridge, mbele ya nyumba kubwa ya wazee. Wafanyakazi wa nyumba ile hawaruhusiwi kutumia WiFi ya ndani. Wakubwa wakakubali, nadhani kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi kuliko kubishana naye. Edna alipanda mwenyewe akakifunga.

Wahudumu wa wazee wakapaita mahali pale "Kwa Edna." Wakitoka zamu ya usiku, kabla basi halijafika, unawakuta wamesimama wamevaa sare chini ya makoti, kila mmoja na simu yake usoni. Huyu anamkemea mtoto aliyeko Eldoret, yule anasali na mama yake wa Bukavu, mwingine anacheka tu na dada yake. Nimepita pale mara nyingi. Ilikuwa kama soko la asubuhi, ila hakuna aliyekuwa akiuza kitu.

Mmoja wao ni Bridget, ambaye leo yuko pamoja nasi na ameniruhusu nisimulie haya. Bridget anaishi Beltsville, Maryland, na intaneti ya nyumbani kwake ni ya kampuni ya huko. Mwishoni mwa wiki huvuka mto kuja kufanya zamu Woodbridge. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, baba yake alifariki kwao Kimilili, Kenya. Bridget hakuweza kusafiri. Karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mnajua wenyewe: akitoka, harudi. Basi familia ikapanga mazishi yawe Jumamosi mchana, saa ambayo huku ni asubuhi na yeye anatoka kazini, na kaka yake akaahidi kumshikia simu kaburini. Bridget angezika "Kwa Edna."

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Bridget aliitia simu ndani ya mfuko wa plastiki. Wenzake waliacha basi lao liende, wakamzunguka ili asiwe peke yake. Alimsikia mchungaji. Aliliona jeneza likibebwa hadi ukingoni. Kisha picha ikaganda, ikapotea, na simu ikamtaka aandike upya jina na nywila yake. Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa.

Laini yake, kama za wenzake, ilikuwa ya kupiga simu tu, bila data; akampigia Edna, waliyekuwa wakisali naye kanisa moja. Edna alikuwa kazini karibu na pale, pamoja na Hodari. Mara nikasikia redio yangu.

"Phineas, WiFi ya kituo cha basi ina shida gani?"

Niliangalia skrini. "Haina shida. Iko hewani, taa zote kijani."

"Basi kuna anayedanganya. Ni skrini yako au ni Bridget, na Bridget anazika."

Nilipiga simu kwa wanaosimamia mitandao. Wakaniambia, kama mtu anavyokuambia hali ya hewa, kwamba mkataba wa kushirikiana na kampuni nyingine umekwisha, na asubuhi hiyo wageni wote wamefungiwa nje. Hakuna aliyetuambia sisi. Hakuna aliyewaambia wao. Jina la mtandao lilikuwa bado linaonekana kwenye simu ya kila mtu, kama mlango uliochorwa ukutani.

Nilimweleza Edna. Akasema, "Sawa." Walipofika kituoni, Edna aliichukua simu ya Bridget na kuiunganisha kwa akaunti yake mwenyewe ya kazini, ile ambayo mafundi hutumia kupimia mitambo. Picha ikarudi. Udongo ulikuwa umeshajaa. Vijana walikuwa wanausawazisha kwa majembe, na mama yake Bridget anashikwa mikono akaweke shada.

"Wamemaliza, Anti," Bridget akasema. "Wamemaliza bila mimi."

Hodari anasema hajawahi kumwona Edna akilia kabla ya hapo wala baada ya hapo. Hodari mwenyewe alivua kofia yake akasimama mvuani hadi nyimbo za mwisho zilipokwisha upande wa pili. Kisha redio yangu ikaita tena.

"Phineas, andika kwamba nimempa mtu akaunti yangu. Andika jina langu lote."

"Mama Edna, si lazima niandike," nikasema. "Nani atajua?"

"Mimi nataka wajue. Andika."

Nikaandika. Jumatatu tukaitwa, Edna, Hodari na mimi, mbele ya meneja wa kanda. Jina lake sitaliandika humu, maana kijitabu hiki kimeingia nyumba ya Mungu.

Meneja alianza na usalama. Akasema Edna amempa mtu asiye mteja wetu ufunguo wa kampuni.

"Ijumaa alikuwa mgeni wetu," Edna akamjibu. "Nani alimfukuza, na kwa nini hakuambiwa?"

"Mkataba ulifika mwisho. Ni mambo ya biashara tu."

"Baba yake naye alifika mwisho. Tofauti ni kwamba yeye walimtangaza."

Meneja hakutaka mabishano. Akafungua kompyuta yake akasema kwamba, kwa kweli, visanduku vya vituo vya basi vilikuwa vikitumiwa na wageni zaidi kuliko wateja wetu. Wageni wameondoka, kwa hiyo visanduku havina kazi. Vishushwe vyote, na kazi hiyo aifanye Edna, aanze na kile cha mbele ya nyumba ya wazee.

Nimekaa katika mikutano mingi ya watu waoga, na mara nyingi nami huwa miongoni mwao. Huu haukuwa mmoja wa mikutano hiyo. Edna alisimama, akavaa kofia yake mle mle ofisini, akasema, "Nilipanda kukiweka. Kukishusha, panda wewe."

Hodari naye akasimama. Kwa hasira alisahau Kiingereza chake mwenyewe. "Nami vilevile sitakishusha, bwana," akasema kwa Kiswahili sanifu. Meneja akanigeukia aulize amesema nini. Nikamwambia, "Amesema hapana."

Chama cha wafanyakazi kilizuia wasifukuzwe. Hakikuweza kuzuia zaidi ya hapo. Hodari alipelekwa kufanya kazi kaunti nyingine. Edna, fundi mwandamizi, mtu aliyekimbia kazi ya kwanza kwa sababu ya kuta, alifungiwa kwenye ghala lisilo na dirisha, achambue rimoti zilizorudishwa na wateja: nzima huku, mbovu kule. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja na kidogo tu kustaafu. Walitaraji atachoka aache kazi. Mtu anayetaraji hivyo hajawahi kufanya kazi na Mkipsigis.

Kisanduku kilishushwa na vibarua wa kampuni nyingine, wasiojua lolote. Sina neno nao. Lakini baada ya muda mfupi, pale pale kituoni, kampuni yetu ilibandika tangazo refu kuliko mtu, lenye picha ya msichana anayecheka na simu, na maneno kwamba tunakuunganisha popote ulipo. Wale wahudumu wakawa wanasubiri basi wameegemea tangazo hilo, simu zao zikiwa kimya mifukoni. Nililiona kwa macho yangu. Nilisimamisha gari pembeni, nikakaa nimeshika usukani, kwa sababu nilihofia ningeshuka ningelichana.

Edna hakulichana. Alifanya jambo gumu zaidi. Kampuni ya kebo haiwezi kupitisha nyaya zake juu ya barabara za watu bila leseni ya kaunti, na leseni yetu ilikuwa inakaribia kuhuishwa. Kabla ya hapo, baraza la kaunti hukaa kuwasikiliza wananchi. Kwa kawaida haji mtu. Edna akaanza kuzunguka. Makanisa, saluni za kusuka, duka la unga na sukuma wiki, mlango wa nyuma wa nyumba za wazee wakati wa kubadilishana zamu. Kila mahali maneno yaleyale: "Njooni mseme. Msiponiamini, njooni mniangalie nikifukuzwa kazi."

Walikuja. Ukumbi ulijaa sare za rangi zote, wengine wakiwa wametoka kazini, wengine wakienda. Mwakilishi wa kampuni alisimama na suti yake akaeleza kwamba huduma ile ilisitishwa kwa utaratibu, na kwamba hapakupokewa malalamiko yoyote.

Edna hakungoja aitwe. "Malalamiko yangekujaje?" akauliza kutoka nyuma. "Mlifunga njia ya kulalamikia!"

Mwenyekiti alimtaka ajitambulishe. Akajitambulisha: jina lake, kazi yake, na mwajiri wake, akiwa amevaa koti lenye nembo ya kampuni. Nilimwona mwakilishi akiandika jina hilo. Edna naye alimwona, akalirudia polepole ili aandike sawasawa.

Kisha akamwita Bridget mbele. Bridget alianza kwa Kiingereza, akakwama, akaendelea kwa Kiswahili, na Hodari, aliyeomba ruhusa kazini akaja, akasimama kando yake kumtafsiria. "Sikuja kuomba intaneti ya bure," Bridget akasema. "Ninalipia kila mwezi. Nimekuja kuwaambia kwamba baba yangu alishushwa kaburini wakati mimi naandika nywila. Naandika, inakataa. Naandika, inakataa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuifunga saa ile. Hakuna. Wangeweza kutuambia wiki moja kabla. Ningesimama mahali pengine."

Hodari alitafsiri hadi sentensi ya mwisho, ikamshinda. Aliimalizia mama mmoja Mmarekani mweupe kutoka safu ya mbele, mtunza wazee mwenzake Bridget, aliyekuwa pale kituoni siku ile ya mvua. Hakujua Kiswahili. Alijua tu kilichotokea.

Baraza lilichukua muda wake, kama mabaraza yanavyofanya. Mwishowe liliweka sharti: leseni haitahuishwa mpaka WiFi irudi kwenye vituo vya basi vya kaunti, wazi kwa kila mtu, mteja, mgeni na mpita njia, na isifungwe tena bila watu kutangaziwa mapema. Kampuni ilikubali. Visanduku vimerudi.

Tulishinda, na nawaomba mpige makofi mfikapo mstari huu. Lakini msiniambie nitulie. Upande wa pili wa mto bado pamefungwa, na ule mkataba wa ushirikiano haukurudishwa. Bridget hatarudishiwa dakika zile na baraza lolote duniani. Na siku kisanduku cha mbele ya nyumba ya wazee kilipotundikwa upya, alikuja mpiga picha, ikaletwa keki, na meneja wa kanda akakata utepe. Jarida la kampuni, hilo hilo, likaandika kwamba "tunaisikiliza jamii yetu." Edna aliomba kupanda akifunge. Alinyimwa. Alikuwa ghalani akichambua rimoti, na hakuna hata aliyempelekea kipande cha keki.

Alibaki humo hadi mwisho. Hakukosa siku. Rimoti zile alizipanga vizuri mno hadi ghala zima likaanza kumtegemea, jambo lililomuudhi sana.

Wiki iliyopita meneja alishuka ghalani kumuaga, pamoja na mpiga picha yuleyule. Akanyoosha mkono, akasema kampuni inamshukuru kwa utumishi wake. Edna akautazama ule mkono. "Samahani," akasema, "wangu una grisi." Ghalani hamna grisi. Mkono wake ulikuwa safi kama sahani. Mpiga picha akashusha kamera, na meneja akapanda ngazi kurudi alikotoka.

Mama Edna, haya ndiyo maneno yangu, hayajakatwa na mtu. Asante kwa nyaya ulizokaza kwenye barafu ili sisi wengine tukae na joto. Asante kwa kutudai tuandike majina yetu yote. Asante kwa mumeo Kipkemboi, aliyekungoja na chai miaka yote hii na sasa atakupata nyumbani mchana kutwa, Mungu amsaidie. Tunasikia mnakwenda Bomet mwezi Julai, na kwamba mmeshaambiana hamtakaa ndani.

Siku zako zilizo mbele ziwe ndefu, ziwe nyepesi, na ziwe za nje. Pumzika, Mama. Hasira yako tuachie sisi. Bado tuna kazi nayo ng'ambo ya mto.